Neno la Kuingia Nyumbani kwa Mkwe

Nyumba ya shambani ya wakwe zangu, ng'ambo ya mto upande wa Lupiro, ina vyumba viwili na milango miwili. Mlango wa mbele unatazama njia ya kwenda barabarani. Wa nyuma unatazama jiko na banda la kuku. Ukuta unaotenganisha vyumba hivyo haufiki kwenye bati. Umeishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na pale juu pamebaki uwazi ambao sauti na moshi vinapita bila shida. Katikati ya ukuta pana nafasi ya mlango, lakini mlango wenyewe haukuwahi kuwekwa. Pametundikwa kitenge cha bluu kilichochuja rangi.

Masika yale ya mafuriko nilikaa upande wa mbele wa kitenge hicho, mama mkwe wangu akakaa upande wa nyuma, na maji yakatuzunguka pande zote. Kutoka nje sikuweza kwa sababu ya maji. Kwenda ndani sikuweza kwa sababu ya heshima.

Nieleze heshima hiyo, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani tulikuwa tumegombana. Mke wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Ifakara, na kazi yangu ni kufundisha Kiingereza sekondari. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mikono, na mkwe haingii chumba alichomo mama mkwe. Hakuna chuki ndani yake. Ni namna ya kusema kwamba mtu aliyekuzalia mke ana ukubwa usiochezewa. Tukikutana njiani, mmoja anajitenga pembeni kwenye majani ampishe mwenzake. Kuongea kunaruhusiwa, mradi kuwe na kitu katikati: ukuta, uzio, hata mgongo uliogeuzwa. Na iko siku ya kuufungua mwiko huo. Mkwe anapeleka kiumbe hai, kwa kawaida mbuzi, mtu mzima anashuhudia, na tangu hapo wanasalimiana kwa mkono kama watu wengine. Siku yetu wazee walikuwa wameipanga baada ya mavuno.

Ilikuwa likizo fupi ya shule. Mke wangu alikuwa mjini na mtoto mchanga, bado yuko kwenye arobaini yake. Baba mkwe na shemeji zangu walikuwa wameswaga ng'ombe kwenda nyanda za juu mara mvua zilipozidi, na mama mkwe akabaki shambani kuulinda mpunga na kuku wake. Mke wangu akaniambia, "Nenda kamtoe mama kabla maji hayajafika. Mwambie atangulie, wewe ufuate nyuma kwa mbali."

Nikaenda. Bodaboda iliniacha mwisho wa njia ngumu, nikatembea kwenye tope mpaka nikaiona nyumba juu ya kichuguu chake kipana. Nikapiga hodi nikiwa nimegeukia mpunga. Akaniitikia kutoka ndani. Nikamweleza nilichotumwa.

"Leo sitoki," akasema. "Nina magunia ya kuinua juu. Kesho asubuhi."

Nilitegemea kulala kwa jirani, lakini jirani alikuwa amekwisha kuhama na mabati yake. Kwa hiyo nililala chumba cha mbele, kwenye magunia. Asubuhi nilipofungua mlango, njia niliyokuja nayo haikuwepo. Maji yalikuwa yametulia kama yamekaa pale miaka yote, na vichwa vya mpunga vilionekana juu yake kama manyoya. Nilichovya fimbo hatua chache kutoka mlangoni, ikazama yote.

"Mayu," nikaita kwa Kisukuma changu cha kuokota, yaani mama, "maji yametufunga."

"Nimeyaona tangu alfajiri," akajibu. "Keti tu. Yalivyokuja ndivyo yatakavyoondoka."

Simu yangu ilikufa mapema. Yake haikuwa na chaji tangu wanaume walipoondoka na kisola kidogo cha kuchajia. Nilichokuwa nacho ni koti la mvua, kalamu nyekundu, na bahasha ya mitihani ya kidato cha pili niliyokusudia kuisahihisha njiani.

Mtu hajui chumba ni kidogo kiasi gani mpaka azuiwe kutoka humo. Nilikwenda mlangoni, nikatazama maji. Nikarudi dirishani, nikatazama maji yale yale. Kuku walikuwa wamepanda juu ya kichanja cha vyombo, wananitazama kwa jicho moja moja. Nyoka mdogo aliogelea hadi kwenye kizingiti, nikamrudisha kwa fimbo, akaja tena. Chakula kilikuwa na utaratibu wake: mama mkwe alipika upande wake, akasukuma sahani chini ya pazia, akakohoa. Nilingoja nisikie amesogea, ndipo nikachukua. Nilipomaliza nilirudisha sahani pale pale, nikakohoa mimi. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, naishi kwa kukohoa.

Basi nikaanza kusahihisha. Swali moja liliwataka wanafunzi watunge sentensi kwa neno la Kiingereza la kuingia, enter. Ni neno fupi na linaonekana jepesi, na ndilo linalowaangusha watoto wetu kila mwaka, kwa sababu wanalibebesha mizigo yote ya neno letu. Kwetu sisi masika yanaingia, mwezi unaingia, baridi inaingia, mtu anaingia gharama, na akikimbia deni anaingia mitini. Enter haliendi huko kote. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba ng'ombe waliingia shambani kwao na baba yake akaingia hasira. Nikacheka kwa sauti.

"Unacheka na nani huko, mwalimu?" Sauti ilipita juu ya ukuta.

"Nasahihisha mitihani, mayu."

"Mitihani siku hizi inachekesha?"

Nikamsomea sentensi ile kwa Kiswahili.

"Sasa kosa liko wapi?" akauliza. "Ng'ombe wakiingia shamba, mwenye shamba anaingiwa na hasira. Mtoto kasema kweli."

"Kweli kasema. Ila Waingereza hawaoni hasira kama kitu kinachomwingia mtu kwa mlango. Wao wanasema tu baba alikasirika."

"Mh. Na neno lenyewe ni lipi?"

"Enter."

"Enta."

"Vizuri sana! Hivyo hivyo."

"Usinisifu kama mtoto wa chekechea. Endelea."

Nikaendelea, na nakiri nilifurahi. Mwalimu aliyefungiwa na maji akipata mwanafunzi mmoja, hata asiyeonekana, anapata pumzi. Nikamwambia neno hilo linataka mahali penye mpaka: chumba, mji, nchi, shamba. Ukivuka mpaka, umeenta. Linatumika pia mtu akijiunga na jambo kubwa, kama jeshi au mashindano. Na linatumika kwa maandishi, unapolipeleka jina la mtu mahali linapotunzwa.

"Hilo nalijua," akasema. "Wajukuu wakichezea kompyuta ya mjomba wao wanaambiana, bonyeza enta, bonyeza enta."

"Ndilo hilo. Ukibonyeza, unaiambia mashine kwamba umemaliza kuandika, sasa ipokee."

"Kumbe hata mashine inabishiwa hodi."

"Umeelewa kuliko kidato cha pili chote, mayu."

"Na ng'ombe? Ng'ombe wakiwa kwenye mpunga wa watu?"

"Hapo neno linakaa sawasawa. Shamba lina mpaka."

"Ee, hapo lazima likae." Nilimsikia akisogeza kitu. "Neno hilo ndilo limetukalisha kwenye baraza la kata miaka yote. Wameingia! Wameingia! Ninyi watu wa mpunga mlikuwa mnapiga madebe kama mmeona simba."

"Lakini mayu, waliingia kweli."

"Waliingia, sijakataa. Nasema kelele zenu."

Tukacheka wote wawili, kila mtu upande wake. Katika miaka yangu yote ya ukwe sikuwahi kumsikia akicheka. Alikuwa na kicheko cha chini, kama mtu anayekanda unga.

Siku zile zikaenda hivyo. Mvua ilikatika, ikarudi. Maji yalipanda mpaka ngazi ya mwisho ya kizingiti, yakasimama hapo, na kila nilipoamka nilitazama kwanza ngazi hiyo. Nilimfundisha maneno mengine ya ukoo ule ule, la mahali pa kuingilia na la ruhusa ya kuingia, na akayashika haraka. Yaliyomfurahisha zaidi ni maneno ya watoto wa shule wanapochelewa. Wanasimama mlangoni mwa darasa na kuuliza kwa Kiingereza kama wanaweza kuja ndani, kwa sauti ya wimbo, hata kama mwalimu anaandika ubaoni na hawasikii.

"Na mwalimu akinyamaza?"

"Wanabaki mlangoni."

"Kama wewe."

"Kama mimi, mayu."

"Basi wewe ni mwanafunzi mwenye adabu," akasema, na nikasikia kwamba anatabasamu.

Nilichelewa kutambua mambo mengine. Chakula kilianza kukawia. Kabla ya kikohozi chake nilisikia kitu kikiburutwa sakafuni, nikadhani ni gunia. Kulikuwa na harufu upande ule, nikadhani ni panya aliyekufa maji chini ya kichanja. Masikio yangu yalikuwa kwenye masomo.

Asubuhi moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na mwiba je? Mwiba ukiingia mguuni, nao wanasema enta?"

Nikamweleza kwa uvumilivu wangu wote. Kwa mwiba wana maneno mengine, nikasema, ya kuchoma na kutoboa. Ila madaktari wanalipenda sana neno hili. Kwao ngozi ni mpaka, na kidonda ni mlango. Wadudu wa ugonjwa wanapita hapo, na daktari akimwona mgonjwa jambo la kwanza ni kutafuta waliingilia wapi. "Kidonda ni mlango usiobishwa hodi, mayu," nikasema, na nikauona mfano wangu mzuri.

Nikasahihisha karatasi moja, nikaanza nyingine.

"Na wakishaingia," akasema mwishowe, "wanapanda mpaka wapi?"

Nikaweka kalamu chini.

"Mayu. Una kidonda?"

"Kadogo."

"Wapi?"

"Unyayo. Kisiki cha tete. Kabla hujaja."

"Kabla sijaja? Na umekuwa unasimama na kupika?"

"Kusimama niliacha juzi," akasema. "Napika nimekaa."

Nilisimama mbele ya pazia. Nikamwomba auangalie mguu wake, anieleze anachokiona, kwa sababu macho yake ndiyo yalikuwa upande ule. Akanieleza polepole, kama alivyokuwa akirudia masomo. Unyayo umevimba na kuwa mweusi katikati. Kifundo hakionekani. Na kuna mstari mwekundu umepita ndani ya mguu, unakwenda gotini. Jana ulikuwa chini ya goti. Leo uko juu yake. Mwili unawaka, kisha unatetemeka.

Mimi si mganga, lakini mstari ule naujua. Shuleni kwetu mlinzi mmoja aliupata mkononi, na tulimwahisha hospitali siku ile ile.

"Mayu, naomba nije nikuone."

"Usije."

"Mguu huo unaweza kukuua."

"Nimesikia. Umenifundisha vizuri." Alivuta pumzi. "Sikiliza, baba. Ukipita hapo, mimi natoka kwa mlango wa nyuma."

Nyuma ya mlango wa nyuma palikuwa na maji marefu kuliko yeye.

Watu wa mjini niliowasimulia baadaye waliniambia, kitenge tu, si ungekisogeza? Kweli, kidole kimoja kingetosha. Lakini mwanamke yule alikuwa ameacha mahali pake, akavuka nchi nzima nyuma ya ng'ombe, akafika mahali ambapo kila jirani anawafukuza ng'ombe wake kwa madebe. Vitu alivyokuja navyo na ambavyo hakuna baraza lililoweza kumnyang'anya vilikuwa vichache, na heshima hii ilikuwa kimojawapo. Aliposema atatoka, alimaanisha. Niliusikia mguu wake ukiburutwa kuelekea mlango ule, akaketi hapo, mgongo kwenye ubao, akangoja aone nitafanya nini.

Nikafanya niliyoweza. Nilimwomba anisukumie sufuria, chumvi, kaa la moto na kuni za mwisho, nikachemsha maji ya chumvi upande wangu, nikayasukuma chini ya pazia, nikakohoa. Nikamwelekeza jinsi ya kuosha na kuuweka mguu juu. Nikavua shati langu jeupe, nikalifunga kwenye fimbo na kuichomeka kwenye bati. Kisha nikarudi kusimama mbele ya kile kitambaa. Nilikuwa na hatua tatu mbele yangu na hatua tatu nyuma yangu, na maji baada ya hapo. Mstari ulikuwa unapanda upande ambao sioni. Kila baada ya muda niliuliza, "Mayu, umefika wapi?" Akajibu, "Umefika pale pale," nami sikujua kama ni kweli.

Mchana nikasikia mtu anapiga ubavu wa mtumbwi kwa gongo, ngo, ngo, ngo, kama wavuvi wetu wanavyofanya kuwaambia viboko kwamba kuna mtu anapita.

"Ninyi wa shati jeupe!" akaita. "Mmejisalimisha kwa nani?"

Alikuwa mzee wa Kindamba, mvuvi, amesimama wima katika mtumbwi mwembamba, anausukuma kwa upondo. Nilimfahamu kwa sura. Aliuza samaki mjini karibu na kwetu.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Ala, mwalimu! Unafundisha vyura?"

Nikamweleza yote kwa haraka. Akasogeza mtumbwi mpaka kizingitini, akashika mlango kwa mkono.

"Basi mlete tumpakie. Mnasubiri nini?"

"Hawezi kutembea. Lazima abebwe."

"Mbebe."

"Ni mama mkwe wangu, mzee. Hatujafunguana."

Mzee akanitazama, akatazama pazia, akavuta mdomo. Hakucheka. Kwao pia ukwe si mchezo.

"Mama huko ndani!" akaita. "Habari za maji?"

"Tunayaangalia," akajibu mama mkwe. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mimi nina mgongo mbovu, nikikubeba tutazama wote. Mkweo ana mgongo wa kukaa darasani, haujatumika. Huu mwiko wenu unafunguliwa na nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wote wamekwenda milimani na wenye akili. Lazima awe mbuzi?"

"Awe na pumzi," akasema. "Na awe wa mkwe mwenyewe. Kuku wa humu ni wangu, asiniletee kuku wangu."

Mzee akainama katika mtumbwi wake. Chini, katika maji kidogo, palikuwa na kambale mkubwa, mweusi, anapigapiga mkia. Akamnyanyua kwa mikono miwili.

"Mama, huyu ana pumzi. Samaki wengine wakitolewa majini wanakufa, huyu anatembea kwenye tope mpaka kwa jirani. Na ndevu anazo. Mbuzi ana ndevu, kambale ana ndevu. Unataka nini tena?"

"Mbuzi ana pembe."

"Beberu ndiye mwenye pembe za kujivunia. Huyu hesabu ni jike."

Nilisikia kitu nyuma ya pazia. Sikujua kama ni kicheko au maumivu.

"Ni wa kwako wewe, si wa mkwe," akasema. "Mtu hafungui mlango kwa funguo ya kuazima."

Hapo nikavua koti langu la mvua. Lilikuwa zuri, zito, mke wangu alininunulia nilipohamishiwa shule ya mbali. Nikampa mzee. Naye akanikabidhi kambale mikononi, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Mama, tumebadilishana," akasema. "Samaki ni wa mkweo, nimepewa koti. Mimi ni mtu mzima na nimeshuhudia. Wajukuu wangu wakiuliza nitawaambia."

Kambale alitaka kuniponyoka. Nikamlaza kwenye beseni lenye maji, nikalisukuma beseni chini ya pazia, taratibu. Nilikohoa kwa mazoea.

Mkia ulipiga plastiki. Nilihesabu hilo kuwa jambo jema, kwamba bado yuko hai, kisha nikaogopa kwamba samaki akinyamaza nafasi yetu imekwisha. Mkono ukatokea chini ya kitenge. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, wenye bangili moja ya shaba. Ulishika ukingo wa beseni na kulivuta ndani.

"Amepokelewa," akasema mama mkwe. "Pita, baba."

Nikalisogeza pazia.

Sauti yake, kwa siku zote zile, ilikuwa imenijengea mwanamke mkubwa. Niliyemkuta ameegemea mlango wa nyuma alikuwa mwembamba kama binti, khanga amejitanda kichwani mpaka machoni, midomo imekauka. Mguu ulikuwa umelazwa juu ya gunia. Haukuwa tena na sura ya mguu. Pembeni yake kulikuwa na sufuria ya wali aliokuwa amenipikia siku ile, bado umefunikwa.

"Usinitazame sana," akasema.

"Natazama mguu, mayu."

"Huo nao usiutazame sana."

Nikageuka, nikachuchumaa, nikampa mgongo. Alikawia. Kisha nikasikia mikono miwili mabegani kwangu. Alikuwa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikainuka naye. Alipumua shingoni kwangu kwa kujizuia, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Kwenye mtumbwi hakuna pa kukaa mbali. Mzee alinikalisha chini, akamlaza yeye mbele yangu, mgongo wake kwenye kifua changu, mguu umeinuliwa juu ya mbao. Beseni la kambale lilikaa miguuni pake, kwa sababu alikataa kuliacha. Mvua ikaanza tena. Mzee alikuwa mkavu ndani ya koti langu, mimi nililowa, na kumkinga yeye nilikuwa na mikono tu. Tulipita juu ya mashamba. Chini yetu nilikuwa nikiona mpunga umelala ndani ya maji, na mahali fulani mpaka wa shamba, mstari wa matete, ambao watu wawili walikuwa wamepelekana barazani kwa ajili yake. Mtumbwi ulipita juu yake, na mzee hakuacha hata kusukuma.

"Umefika wapi sasa?" nikamuuliza mama mkwe karibu na sikio lake.

"Pajani," akasema. Sasa alisema kweli.

Barabarani, kwenye tuta la lami, tulimpata dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri watu wa mafuriko. Tulipanda watatu, mama mkwe katikati, beseni la kambale mbele ya dereva. Alinishika mkono alipohisi anateleza, na hakuuachia tulipovuka daraja, wala mjini penye mashimo, wala getini kwa hospitali. Muuguzi aliyeutazama mguu hakutuuliza maswali mengi. Alimwita daktari, na daktari akasema usaha utolewe saa ile ile. Alisema mguu utabaki, ila angechelewa hadi kesho yake asingetoa ahadi hiyo.

"Nani atakaa naye tukimsafisha?" akauliza muuguzi. "Itauma. Ni mwanao huyu?"

Nilitaka kueleza. Ni kazi yangu kueleza.

"Ni mkwe," akasema mama mkwe, macho yamefumbwa. "Akae."

Nikakaa. Uliuma. Alinibana mkono mpaka bangili ikaniacha alama, na hakutoa sauti hata moja, ila maneno niliyomfundisha alikuwa akiyanong'ona, moja baada ya jingine, nami nikimwitikia kila moja kwa upole, kama tuko darasani na hatuna haraka.

Walikuwa wanafunga bendeji wakati mke wangu alipotokea mlangoni, mtoto mgongoni, amekuja mbio baada ya kupewa habari na dereva wa bodaboda niliyemtuma. Aliona kichwa cha mama yake kimelala begani kwangu. Akasimama. Mkono ukaenda mdomoni, na akageuza uso ukutani upesi, kama mtu aliyefungua chumba ambacho hakupaswa kukifungua.

"Mama," akasema kwa ukuta. "Mama, nirudi baadaye?"

"Rudi uende wapi?" mama yake akasema. "Baba yako hayupo, kaka zako hawapo. Kuna samaki kwenye beseni, kaogopa kelele. Mtoe hapo kabla hajakanyagwa, kisha uje ushike upande huu wa pili. Mkono wa mwenzako umekufa ganzi."